Nukta Moja kwa Dakika

Mkuyuni, huku juu ya mawe
Saa tatu na nusu asubuhi

Mabula, ng'wanawane, mwanangu,

Marahaba.

Ona sasa! Hata hujaniamkia, mimi nimeshaitikia. Miaka ishirini nakulea, na mdomo wangu bado unatangulia mbele kama mbuzi aliyeona shamba la mihogo. Ngoja nianze upya.

Wewe muda huu uko Busisi kwa mama yako mdogo. Umevuka darajani alfajiri na boksi la mtambo wetu wa redio mapajani, na nina hakika umeshafika, umekunywa uji, na sasa unahangaika na waya juu ya mti. Mimi niko kwenye meza ya kazi, kompyuta mbele yangu, chai kulia. Saa nne na nusu utaanza kutuma. Kesho alfajiri unapanda basi la Mbeya kwenda chuo, kwa hiyo jaribio la leo ndilo la mwisho tukiwa pande mbili za maji haya haya. Tumekubaliana: utatuma neno lolote upendalo bila kunidokezea, na mimi sitakupigia simu kuuliza mpaka urudi. Basi wakati nangoja, naandika.

Mambo ya sweta, dawa za malaria na kutoazima watu sahani sitayagusa. Vyote vimo kwenye begi, na ukivitoa nitajua. Nina jambo moja tu. Siku ile baba yako alipoanguka nilikukosea, na kosa hilo nimelibeba miaka kumi na moja bila kukuambia. Nimelianza mezani hapa mara nyingi, nikaishia kukuuliza kama umekula. Leo nitalifikisha. Ila siwezi kuliingia moja kwa moja, nitazunguka kidogo. Wewe unanijua.

Unajua kazi yangu ya kwanza, lakini hujui ilivyoniharibu. Kabla hujazaliwa nilikuwa nakaa kwenye simu ya upepo ya hospitali moja ya misheni ng'ambo ya ziwa. Zahanati nane, visiwani na vijijini, kila moja na redio yake na betri ya gari, na kila moja ina dakika tano za asubuhi. Dawa zimeisha, mjamzito amekwama, boti haijafika. Sauti zilikuja zimekatikakatika: "...jwa watatu... damu... boti..." Na mimi nilimalizia: "Wagonjwa watatu, mnaomba damu ije na boti ya leo, sawa? Ova." "Sawa, ova." Nilikuwa hodari, mwanangu! Sista mkuu aliwaambia wageni kwamba yule binti anasikia hata kisichosemwa. Nikavimba kichwa. Sikuwahi kujiuliza ni wangapi walisema "sawa" kwa sababu tu betri ilikuwa inaisha.

Halafu nikazaa mtoto mwenye kigugumizi. Mungu naye ana utani wake.

Haya mambo ya redio ya polepole unajua tulivyoyaanza, lakini kuna upande wangu hujawahi kuusikia. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu. Kuna mteja aliniachia kompyuta nimtengenezee, hakurudi, nikaiwasha, nikaingia mtandaoni nikitafuta michoro ya redio moja ya zamani. Nikakuta wazee wazima, wastaafu, wanatumiana herufi tano kwa saa nzima. Nilicheka peke yangu mpaka jirani akachungulia. Dunia ina simu za kuonana uso kwa uso, hawa wanachora nukta! Lakini swali likanikaa kichwani siku tatu, nikipika lipo, nikilehemu lipo: kwa nini kitu cha polepole kifike mahali ambapo cha haraka hakifiki?

Jibu nililipata sokoni Mirongo, penye mashine ya kusaga. Mwenye nyanya alikuwa ananiambia bei, mashine inanguruma, simsikii hata neno. Mgongoni kwake mtoto mchanga alikuwa anajibembeleza kwa sauti moja tu, mmmmmmm, haipandi, haishuki. Na hiyo niliisikia! Ilikuwa ndogo kuliko ya mama yake mara kumi, ila haikubadilika, na sikio likapata muda wa kuitenga na ile ya mashine. Nilirudi nyumbani bila nyanya.

Ndivyo kompyuta inavyofanya. Unatuma mlio mmoja dakika nzima, unanyamaza, unatuma mwingine. Sikio likisikiliza ni mikwaruzo mitupu, lakini kompyuta inakusanya kidogo kidogo, na skrini inachora kamstari keupe. Kafupi ni nukta, karefu ni mstari, na kwa nukta na mistari unapata herufi. Mpaka leo sijaacha kushangaa. Wimbi lenyewe lina urefu wa zaidi ya kilomita mbili, sisi tunalirusha kwa waya wa mita thelathini, na kinachotoka hewani hakiwezi hata kuwasha balbu ya tochi. Na bado kinatambaa na ardhi mpaka ng'ambo. Mama yako mdogo anaiita redio ya kinyonga. Mwache aite.

Unakumbuka habari ya ethi? Mawimbi haya hayaendi bila waya wa kwenda ardhini, na ardhi ni kitu ambacho nyumba yetu haina. Tuna jiwe. Nilipigilia nondo mpaka ikapinda kama ndizi. Nikamwaga maji ya chumvi, wakafurahi mbuzi wa jirani. Ukasimama mlangoni ukaanza, "Mama, tu-tu-tupeleke kwenye ma... ma..." Nikadaka: "Kwenye maji! Ziwani! Hapo umesema!" Nikatandaza waya kuteremka mpaka ziwani, kazi ya wiki mbili, na siku ya tatu ng'ombe wa watu wakaukata. Kumbe ulikuwa unasema kwenye magimbi. Magimbi ya Mama Kulwa, hapo chini tu, mita ishirini, ambapo maji ya kufulia ya nyumba tatu yanakusanyika na udongo haukauki mwaka mzima. Hukubishana na mimi. Uliandika MAGIMBI kwenye karatasi ya daftari ukaibandika kwenye kompyuta. Mpaka leo ethi yetu iko pale, na Mama Kulwa anaapa kwamba magimbi yake yameongezeka utamu kwa sababu ya umeme.

Nilicheka siku ile. Sikujiuliza ni magimbi mangapi mengine nimeyakanyaga.

Halafu ile habari ya saa za kusikiliza. Kila kitabu, na yule mzee wa Ufini niliyekuwa naandikiana naye, wote walisema sikiliza usiku, mchana hakuna kitu. Nikawatii miezi minne. Hata kama hapa Mkuyuni nyota zimejaa, usiku radi zinapiga huko katikati ya ziwa, na kila radi ni mchirizi kwenye skrini. Skrini ilikuwa nyeupe kama ugali. Nikadhani mtambo ni mbovu, nikaufungua na kuufunga mara sita. Mpaka ile likizo uliyokaa Busisi tukasahau kuzima wote wawili, wewe ukaenda kuchota maji, mimi nikaenda mjini kununua vipuri. Narudi saa tano asubuhi, nakuta skrini nyeusi, tulivu, na herufi zako zimejipanga katikati kama zimeandikwa kwa chaki. Nilipiga kelele!

Radi za ziwani zilikuwa zimelala, na za nchi kavu zilikuwa bado hazijaamka. Hizo saa chache za asubuhi ndizo zetu. Mzee wa watu angelijuaje hilo, kwao maziwa yanaganda barafu. Lakini mimi nilizaliwa mwambao huu. Nilijua tangu utotoni kwamba radi za usiku ni za ziwa na za mchana ni za nchi kavu, mama yangu alianika mtama kwa kuifuata hesabu hiyo. Ila sikuwahi kufikiri kwamba kitu ninachokijua mimi kinaweza kuwa ndicho jibu. Ukifika Mbeya, waulize wenyeji radi zao zinalala saa ngapi. Sijui kabisa. Na sijui kama nukta zako zitafika hapa kutoka kule, milima yote ile. Natamani kujua mpaka vidole vinawasha.

Saa nne na nusu imepita. Umeanza. Kamstari karefu. Kimya. Kengine karefu. Hiyo ni M.

Kichwa changu kimeshakimbia: Mbeya? Mwanza? Mvua? Nyamaza, mwanamke. Subiri.

Nikuambie nilivyojifunza kusubiri, maana watu wanadhani nilizaliwa upya kanisani. Ni yule mzee wa Ufini. Hawa watu wa redio wana desturi: anayepokea humwandikia aliyetuma kadi ya kuthibitisha. Nimepokea hiki, mahali fulani, siku fulani, na kama kulikuwa na kosa anasema lilikuwa upande gani. Mwisho wa likizo ile nilimtumia mzee picha ya skrini ya siku nyingine, najigamba: mwanangu ametuma BUSISI, nimepokea! Akajibu kwa adabu zake zote: Mama, hapa naona B, halafu S katikati, halafu I mwishoni. Hizo nyingine umezitoa wapi? Nikapandwa na hasira. Nikamwandikia, kijana yuko Busisi, kwani atatuma nini tena? Akajibu mstari mmoja: Labda ni hivyo, lakini hukupokea, umekisia.

Nilimtukana kimoyomoyo wiki nzima. Halafu nikakuuliza, ili nimtumie ushahidi. Ukachukua kalamu ukaandika BAISKELI.

Ulikuwa umeomba baiskeli! Wiki mbili ulikuwa unasubiri jibu, na mimi nakupongeza kila siku, "Hongera, Busisi imefika, Busisi imefika." Hukunisahihisha. Hapo ndipo nilipoogopa, Mabula. Baiskeli ilikuwa jambo dogo, tukanunua. Kilichoniogopesha ni kuona ulivyozoea. Mtoto ambaye akikatwa hashangai tena.

Tangu siku hiyo nilianza kuuma ulimi wewe ukizungumza. Siku za mwanzo ukaniuliza, "Mama, me-me-meno yanauma?" Nikasema ndiyo.

A. M tena.

Sasa nifike.

Ulikuwa na miaka tisa. Ilikuwa Jumamosi, kabla ya mchana. Baba yako alikuwa amepanda jiwe la nyuma kukaza bomba la tenki. Mimi nilikuwa kwenye meza hii hii, nina redio ya mteja imefunguliwa tumbo, na mteja mwenyewe amekaa kwenye kile kiti, ananung'unika kwamba anawahi. Ukaja mbio, miguu peku, ukashika fremu ya mlango. "Ma-ma. Ba-ba-ba..." Ulikuwa unatetemeka. Nilikuona unatetemeka, nikadhani ni mbio. Nikasema, "Baba anataka spana? Ile kubwa, imo kwenye boksi, chukua." Ukatikisa kichwa. "Ba-baba a-a-a..." Nikasema, "Anaisubiri, nimesikia. Chukua uende, mwanangu, nina mtu hapa." Na wewe, kwa kuwa ulikuwa mtoto mtiifu, na mama amesema amesikia, ulichukua spana.

Jirani aliyepita kwenda kuanika nguo ndiye aliyekukuta. Umekaa chini ya jiwe kando ya baba yako, spana mapajani, umemshika mkono. Sijui ilikuwa nusu saa, sijui ilikuwa zaidi. Mimi nilikuwa namalizia redio ya mteja. Iliimba vizuri.

Baba yako alifariki jioni ile hospitalini. Na mimi ninayeuliza kila kitu, niliyewahi kumsumbua fundi wa saa aniambie kwa nini dakika ina sekunde sitini, sikumuuliza daktari swali moja tu: je, ile nusu saa ingebadilisha kitu? Mpaka leo sijui. Niliogopa aseme ndiyo. Niliogopa pia aseme hapana, maana ningejisamehe mapema mno.

Msibani, shangazi yako akasema mbele ya watu, "Maskini mtoto, alichelewa kusema. Ni ulimi wake." Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anakuonea huruma, na watu wakaguna kwa huruma. Wewe ulikuwa umekaa mkekani karibu na mguu wangu. Nilikuwa na mdomo, Mabula. Mdomo huu unaomalizia maneno ya dunia nzima. Ningeweza kusema, "Hapana wifi, mtoto alisema, mimi ndiye sikungoja." Maneno sita saba tu. Hayakutoka. Siku hiyo mwenye kigugumizi nilikuwa mimi. Na lile neno likaenda, likawa ndiyo habari yenyewe ya ukoo: mtoto alichelewa kusema. Nimelisikia harusini, nimelisikia siku ya kipaimara chako, na kila mara niliangalia viatu vyangu.

Hukuchelewa. Ulikuja mbio. Ulisema mara mbili. Mimi ndiye niliyekukata, halafu nikakuacha ubebe mzigo wangu kwa sababu ulikuwa huwezi kuukataa kwa haraka. Nisamehe, mwanangu. Nilipaswa kukuambia hivi palepale mkekani. Na usinijibu upesi kwa kunionea huruma, sitaki jibu la kunibembeleza. Ukihitaji mwaka, chukua mwaka. Ukihitaji kutonijibu kabisa, hilo nalo nitalipokea kama lilivyo.

Mkono umechoka. Chai imepoa, na sijali.

Ile spana bado imo kwenye boksi la vifaa. Sijaipakia. Niliwahi kutaka kuitupa ziwani, nikaona kwamba si yangu kuitupa. Ukiitaka ichukue, usipoitaka iache. Usifanye lolote kwa ajili yangu.

Saa tano na dakika chache. Skrini inasema MAMA. Yote, safi, naona hata mahali ulipoyumbisha mkono. Sasa umenyamaza dakika saba, maana yake neno limeisha na linakuja lingine. Mabula, hujui raha ya kuona jina lako likiandikwa kwa zaidi ya nusu saa na mtu ambaye angeweza kukupigia simu.

Nukta tatu. S.

Nukta mbili. I.

Nimesimama kunyoosha mgongo. Huku nje mawingu yanapanda upande wa Misungwi. Leo yamewahi. Tafadhali, mawingu.

J imekuja ndefu, dakika kumi na tatu nimeihesabu. Halafu A.

MAMA SIJA

Mchirizi. Mwingine. Radi ya kwanza ya nchi kavu, ikafuata ya pili, na sasa skrini yote inaanza kuwa nyeupe. Kuna kitu kinaendelea chini yake, najua unatuma, wewe huwezi kuacha katikati. Lakini mimi sioni.

Mama, sija... Neno hilo linaweza kwenda kokote. Sijala, mama yako mdogo amechelewa na ugali. Sijachoka. Sijasahau. Sijakusamehe.

Nimeandika hayo manne halafu nikaona mkono wangu unavyotaka kuchagua. Unataka kuchagua baya zaidi, ili lisinijie ghafla. Simu iko hapa, kando ya kikombe, na ningebonyeza mara moja tu. Sitabonyeza. Kwenye daftari la mapokezi nimeandika nilichokiona, MAMA SIJA, na baada yake kistari cha pasipojulikana.

Nitakaa hapa mpaka urudi.

Saa moja na nusu usiku

Unaoga sasa, nakusikia unavyomwaga maji. Naandika haraka, na safari hii haraka niruhusu, maana nataka maneno yakiwa bado ya moto.

Nilikuwa nimepanga kukuuliza kwa upole. Badala yake nikakurukia, "Sija nini?" kabla hata hujatua boksi. Ukacheka. Ukaliweka chini, ukavuta kile kiti cha mteja, ukakaa. Nikakumiminia chai ili mikono ipate kazi.

"Si-si-si..."

Niliweka ulimi kati ya meno. Neno lilinijia mdomoni mara tatu, maneno matatu tofauti, nikayameza yote. Nje Mama Kulwa alimwita mwanawe, mtoto akaitika, akatumwa, akaenda. Wewe ulikuwa unaangalia meza. Shingo yako ilikuwa imekaza, na mimi nilikuwa nimekaza pamoja nawe.

"Sijamaliza," ukasema.

"Hujamaliza nini?"

Ukasimama, ukaenda mlangoni. Naapa sikuelewa, nilidhani umekasirika unatoka. Ukageuka, ukashika fremu ya mlango, mahali pale pale, ila sasa mkono wako unafika juu kabisa. Na ulipofungua mdomo, kwa silabi ya kwanza tu, nikaelewa. Sikukudakia, Mabula. Safari hii nilijua sentensi yote mpaka mwisho, na bado sikukudakia.

"Ma-mama. Ba-ba... Baba a-a... a-ameanguka."

Sijui ilichukua muda gani. Sikutazama saa.

Nikasema, "Nimekusikia, mwanangu. Twende."

Nikaacha chai. Tukatoka kwa mlango wa nyuma, tukapanda, wewe ukinishika kiwiko pale penye utelezi, mpaka kwenye jiwe la tenki. Tulikaa pale mpaka jua likagusa maji. Hatukusema kitu, kwa hiyo hujui bado niliyoyaandika hapo juu asubuhi. Yasome kwenye basi. Yasome polepole.

Uliposhuka kwenda kuoga nimempigia shangazi yako. Nimemwambia, "Wifi, lile neno ulilosema msibani si kweli. Mtoto alisema. Mimi ndiye sikungoja." Kisha akaanza kulia, na mimi nikakaa na simu sikioni, nikangoja amalize. Kwenye ukoo atalipeleka mwenyewe, unajua asivyoweza kukaa na habari.

Boksi la vifaa nimelikuta wazi. Spana haimo. Sitakuuliza.

Na hii ndiyo kadi yako, maana desturi ni desturi:

Imetoka kwa Mabula, akiwa mlangoni. Imepokelewa Mkuyuni, na mama yake. Kilichopokelewa: Mama, baba ameanguka. Kimepokelewa chote, hakuna kilichokisiwa. Kimechelewa miaka kumi na moja, kwa kosa la mpokeaji.

Mama yako